Mkweli Asahauye

Mtu akiulizwa dawa aliyoitumia siku zilizopita, akajibu kwa moyo safi, na jibu lake lisiwe sahihi, je, amesema uongo? Wanazuoni wa hadithi za Mtume, karne nyingi kabla ya watafiti wa afya, walimpima kila mpokezi kwa mizani mbili, uadilifu wake na dhabti yake, yaani uthabiti wa hifadhi. Kwani walitambua kwamba mcha Mungu asiyetuhumiwa kwa lolote aweza kuwa dhaifu wa kumbukumbu, na riwaya yake ikaachwa pasipo heshima yake kuvunjwa.

Natumfikirie mama mmoja wa Mubi, mji wa biashara katika Walikale, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako kasiteriti, yaani mawe ya bati, ya machimbo ya Bisie imewavuta watu wa kila upande pamoja na homa zao. Karani amuuliza, kama uulizavyo uchunguzi wa idadi ya watu na afya uliofanywa Kongo tangu mwaka 2007: mwanao alipougua homa katika majuma mawili yaliyopita, alipewa dawa gani? Mama ajibu: "Nilimupatia kinini." Karani aandika kwinini, ilhali katika Kiswahili cha Kivu neno hilo, ingawa asili yake ni kwinini hiyo hiyo, hutajwa kwa kidonge chochote, na vidonge alivyouziwa mama vilifungwa katika kipande cha karatasi, bila sanduku wala jina. Hapo aliyekosea ni nani?

Wako wasemao: tuuache ulimi, tuiulize damu. Lakini damu nayo ina usahaulifu wake. Klorokwini, ambayo Kongo iliiacha mwaka 2001 katika tiba ya malaria, hukaa mwilini majuma mengi, hata mwenyewe akiwa ameisahau. Bali artesuneti, iliyochaguliwa kwa tiba hiyo mwaka 2005 pamoja na amodiakwini, hutoweka damuni kwa saa chache, hali mama angali akikumbuka uchungu wa kile kidonge na kilio cha mtoto akikitema.

Kwa hiyo insafu yataka muulizaji avitandaze vidonge vyenyewe mkekani, ahesabu kwa siku za soko badala ya tarehe, na alipokee neno "sikumbuki" kuwa ni jibu kamili. Amlazimishaye msahaulifu kutaja jina, yeye ndiye aliyeutia uongo katika kinywa cha mkweli.