Baina ya Haramu na Karaha

Dini ya mtu katika mji mgeni aghalabu hujaribiwa kwanza na chakula. Atokaye Mombasa au Unguja akaja kukaa Kampala, kabla hajaijua njia ya msikitini wala jina la jirani yake, amekwisha kuuliza nyama hii kaichinja nani, mchuzi huu umeungwa kwa nini, na wadudu hawa wanaokaangwa sokoni huliwa na watu gani. Na katika maswali hayo matatu, ambayo huyauliza yote kwa sauti moja na kwa uso mmoja wa wasiwasi, moja ni la sharia, moja ni la mapishi, na la mwisho, kwa watu wengi, si la dini kabisa ijapokuwa limevishwa kilemba cha dini. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka kulitaamali hapa: ni wakati gani mtu akataapo chakula huwa anamtii Mola wake, na ni wakati gani huwa anaitii tabia aliyolelewa nayo, kisha akaipa tabia hiyo nguvu ya amri ya Mola?

Watu wa Pwani si wageni wa jana katika Buganda. Misafara ya Waarabu na Waswahili ilifika huko katika karne ya 19, zama za Kabaka, yaani mfalme, Suuna, na reli ilipoifikia Kampala mwaka 1931, safari iliyokuwa ya miezi ikawa ya siku chache. Walakini wepesi wa safari haukuufanya mlo kuwa mwepesi. Nazi kule ni kitu cha kuletwa kutoka mbali, na aliyekulia wali wa nazi na samaki wa kupaka huiona nyumba isiyokamuliwa tui kuwa nyumba ya matanga. Badala yake huandaliwa matoke, ndizi mbichi zilizomenywa, zikafungwa ndani ya majani ya mgomba, zikapikwa kwa mvuke muda mrefu mpaka zikalainika, kisha zikabonyezwabonyezwa zingali katika majani yake. Na pamoja nazo mchuzi mzito wa karanga zilizotwangwa, wenye rangi ya waridi, ambao mtu wetu huutazama kwanza kwa shaka. Asubuhi huletewa katogo, yaani ndizi zilizochemshwa chungu kimoja na matumbo ya ng'ombe, na siku ya karamu huletewa luwombo, kuku au nyama iliyofungwa katika jani la mgomba lililopitishwa motoni ili lisichanike, ikapikwa humo kwa mvuke pamoja na mchuzi wake. Mimi nashuhudia kwamba mchuzi ule wa karanga, ukipikwa na anayeujua, ukatiwa samaki aliyekaushwa kwa moshi, hauoni haya mbele ya tui lolote.

Nimewasikia wenzetu wakiwacheka Waganda kwa kula ndizi asubuhi na jioni. Wanaocheka wamesahau, au hawakupata kusoma, kwamba Ibn Battuta, yule Mmaghribi mzaliwa wa Tanja aliyepita pwani yetu mwaka 1331, aliandika juu ya Mombasa kuwa chakula cha wenyewe kilikuwa zaidi ndizi na samaki, na kuwa huko Mogadishu alikirimiwa, pamoja na wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Basi tulikuwa sisi ndio wa kustaajabiwa. Na hamu ya chakula cha kwao mtu ni jambo lenye nguvu kupita akili yake: Bani Israili walipokuwa jangwani, wakiteremshiwa manna na salua, waliyakinai hayo wakatamani vitunguu na adesi na matango, vyakula vya Misri, nchi ile ile waliyofanywa watumwa na watoto wao wakauawa. Ulimi ulikuwa umesahau mjeledi, ukakumbuka kitunguu.

Lakini si kila kukataa ni ulimi, na haifai kumcheka kila anayeuliza juu ya kichinjo, kwani katika nchi hii hii watu walikufa kwa swali hilo. Kabaka Mutesa wa Kwanza aliupenda Uislamu, akafunga Ramadhani miaka kadha, akaamuru misikiti ijengwe. Ila hakutahiriwa, kwa kuwa mila ya Buganda haikuruhusu damu ya Kabaka imwagike, na nyama ya jumbani iliendelea kuchinjwa na wachinjaji wake wa siku zote. Wakazuka vijana wa jumbani, waliosoma wakaelewa walichosoma, wakakataa kuswali nyuma yake na wakakataa kula nyama yake. Mwaka 1876 aliamuru wauawe, na makumi yao wakateketezwa kwa moto Namugongo, miaka kumi kabla ya Wakristo waliokufa mahali hapo hapo na ambao ulimwengu unawajua zaidi. Vijana wale hawakuikataa nyama ya Mutesa kwa sababu ilinuka au kwa sababu mama zao hawakuipika. Walikuwa wamekulia nyama hiyo hiyo, ilikuwa ndiyo ladha ya utoto wao, na huenda walipoikataa matumbo yao yalikuwa yakiitamani. Hapa pana alama iliyo wazi: aliyekataa kile anachokipenda, kwa kuwa ameamrishwa kukiacha, dalili ya utiifu wake imo katika kule kupenda kwake. Ama aliyekataa asichokipenda, huyo utiifu wake hatuna njia ya kuupima, na yeye mwenyewe hana.

Sasa tuje kwa senene. Baada ya mvua, na hasa mwezi wa Novemba, huruka usiku kwa makundi makubwa wadudu wa jamaa ya panzi, wengine wa kijani na wengine wa rangi ya udongo, nao hufuata mwanga; na wenye biashara hiyo huwasha taa kali juu ya vilima, wakasimamisha mabati yaliyoinamia mapipa, hata senene wagongapo bati huteleza wakaangukia ndani. Kunapokucha husombwa kwa magunia mpaka sokoni Nakasero na kwingineko, na hapo wanawake na vijana huketi wakiwanyofoa mbawa na miguu kwa upesi wa kushangaza, kisha huwakaanga kwa mafuta yao wenyewe, pamoja na chumvi na vitunguu. Jirani yako akupendaye hukuletea sahani iliyofunikwa. Na hapo ndipo mtu wa Pwani, ambaye huenda hakufungua kitabu cha fikihi tangu alipoondoka chuoni, hugeuka kuwa mufti, akasema: haramu!

Kisa kilichopokewa katika vitabu vya Bukhari na Muslim kinatosha kumnyamazisha. Mtume (S.A.W.) alikuwa nyumbani kwa mkewe Maimuna, na Khalid bin Walid, ambaye Maimuna alikuwa mama yake mdogo, alikuwapo. Ikaletwa nyama iliyochomwa ya dhabbu, mnyama wa jangwani wa jinsi ya mijusi mikubwa, iliyotoka Najdi kama zawadi. Mtume akaunyosha mkono, akaambiwa ni nyama gani, akaurudisha. Khalid akamwuliza kama ni haramu. Naye akajibu kwamba la, ila mnyama huyo hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake ilimkirihi. Khalid akaivuta nyama kwake akaila, na Mtume anamtazama. Maimamu wengi wameichukua hadithi hii kuwa hoja ya uhalali wa dhabbu, ijapokuwa Mahanafi wana kauli yao ya kumkirihisha. Lakini mimi kila niisomapo huvutwa na kitu kingine, nacho ni ile insafu ya ajabu ya mtu ambaye lau angalisema neno moja tu la kukataza, umma mzima ungaliacha mnyama yule mpaka Kiyama, na hakulisema. Aliijua karaha yake, akaitaja hadharani, akataja na sababu yake kuwa ni mahali alipolelewa, akaiacha ibaki yake peke yake.

Msomaji aliyesoma kwa masheikh wetu atanikabili hapa kwa hoja nzito, nami siwezi kuipita upande. Atasema kwamba sisi ni Mashafii, na kwamba katika madhehebu yetu mnyama asiyekuwa na aya wala hadithi hurejeshwa kwenye tabia ya Waarabu: walichokiona kizuri kikaliwa, na walichokiona kichafu kikaachwa, basi je, si hapo karaha ya watu wa mahali fulani imefanywa sharia? Kweli imo katika hoja hiyo, na wanavyuoni wenyewe waliiona hatari yake, ndiyo maana wakaweka masharti kwamba wanaotazamwa ni wale wa zama zile wenye nafasi na tabia salama, katika hali ya neema, wala si bedui aliyeshikwa na njaa ambaye hula kila kitambaacho. Lakini kanuni hiyo ni ya kile kisichokuwa na nassi, na nzige ana nassi: amehesabiwa pamoja na samaki kuwa maiti zilizohalalishwa, na sahaba Abdallah bin Abi Aufa amepokea kwamba walikwenda vitani pamoja na Mtume mara sita au saba huku wakila nzige. Senene ni wa jamaa hiyo hiyo ya panzi na nzige, na Waislamu wengi wa Buganda wanamla kwa mlinganisho huo huo. Fauka ya hayo, Imamu Shafii mwenyewe, aliyezaliwa Ghaza, akakulia Makka, akafundisha Baghdadi, akahamia Misri na kufa huko mwaka 204 wa Hijria, alizirudia hukumu zake nyingi baada ya kuhamia Misri, hata leo vitabu hutofautisha kauli yake ya kale na kauli yake mpya. Sisemi kwamba alizibadili kwa sababu ya chakula cha Misri, ila nasema ya kuwa imamu wetu ni mtu aliyehama, na aliyekubali kufikiri upya mahali papya.

Waganda wenyewe wana jambo la kutufunza, ingawa si wote ni Waislamu. Kila ukoo una mwiko wake wa heshima, mnyama au mmea ambao wana wa ukoo huo hawauli: wa ukoo wa Nsenene hawali senene, na wa ukoo wa Mmamba hawali yule samaki mrefu wa matopeni ambaye wengine humwita kamongo. Nao huketi sinia moja na walao, wakasema kwa utulivu kuwa huyu ni mwiko wetu, wala hawamwambii mwenzao kwamba amekula najisi.

Ubaya wa kuiita karaha haramu ni mkubwa kuliko udhaniwavyo. Kurani imekemea vikali ndimi zinazosema hiki halali na hiki haramu pasipo elimu, ikawahesabu wasemao hivyo kuwa wamzulia Mungu uongo. Na mhamiaji ndiye aliye karibu zaidi na kosa hili, kwa kuwa upweke humfanya ashikilie kila cha kwao kana kwamba ni nguzo ya dini. Papo hapo humvunjia jirani heshima, kwani aliyeambiwa chakula chake ni haramu ameambiwa kwamba mama yake alimlisha uchafu. Wako pia wa upande wa pili, ambao kwa hamu ya kupendwa mjini hula kila waandaliwacho bila ya kuuliza kilichinjwaje. Hao nawaachia vijana wa Namugongo wawajibu.

Mimi, baada ya kusoma niliyoweza kuyasoma na kuwauliza waliosoma kunizidi, nawaona senene kuwa halali, na sitaki kuwala. Kwa hiyo majirani zangu wa Kampala wasiache kunialika msimu ujao: waniwekee matoke na mchuzi wa karanga, na wao wale senene wao mbele yangu wala wasinifichie sahani.