Chombo Kirejeapo Nyumbani

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

 

Hapana mtu wa kisiwa hiki cha Mvita asiyeijua ladha ya kurejea kwao kwa maji. Atokaye Jomvu Kuu kwa mashua hushuka na mkono wa bahari wa Tudor baina ya mikoko, maji ya kupwa yakimchukua taratibu, akapita chini ya daraja la Nyali, na mara aiona minara ya Mji wa Kale. Moyo hutulia kabla ya nanga kutupwa.

Dini yetu haikuiacha furaha hii bila ya adabu. Katika Surat Zukhruf, aya ya 13 na ya 14, Mwenyezi Mungu atufunza kwamba tukishakaa juu ya kipando tuikumbuke neema yake, tumtakase Yeye aliyetutiishia kitu ambacho kwa nguvu zetu tusingalikiweza, kisha tukiri kwamba kwa Mola wetu ndiko tutakakorejea. Basi mtu ashika njia ya kwenda kwake, naye akumbushwa kuwa kwake hasa siko huko.

Nitawahadithia lililonipata mimi mwenyewe. Miaka kadha iliyopita, kusi likivuma, nalikuwa nikirejea mjini kwa njia hiyo. Nahodha alipakia watu na mizigo hata ubavu wa chombo ukabaki kama shibiri moja juu ya maji. Mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, chombo hiki kimeshiba." Nahodha akacheka, akasema, "Ni hapo tu, mzee wangu." Hapana aliyemuunga mkono yule mzee. Mimi naliona kuwa asema kweli, lakini nalikuwa miongoni mwa waliopanda mwisho, nikachelea kuambiwa nishuke. Nikanyamaza.

Tulipofika penye upana, upepo ukapigana na maji ya kupwa, mawimbi yakaanza kuingia. Waliokuwa wakipiga soga wakashika istighfari. Mama mmoja akamfunga mwanawe kifuani kwa leso. Nami nikaweka ahadi na Mola wangu kwamba nikivuka salama nitalipa deni la mtu nililolikalia siku nyingi. Tukafua maji kwa mikono na kwa kata, na kwa rehema ya Mungu tukafika. Kila mtu akachukua kikapu chake akenda zake. Lile deni nalilipa baada ya miezi minne, tena baada ya kudaiwa.

Katika Surat Ankabut, aya ya 65, Mwenyezi Mungu awataja washirikina ambao wakiwa chomboni humwomba Yeye peke yake, na akisha kuwaokoa wakafika nchi kavu hurejea kwenye shirki yao. Sisi twaisoma aya hii tukadhani yawahusu watu wengine. Hatusujudii masanamu, alhamdulillahi, lakini ile tabia ya kuwa mja mwema majini na msahaulifu forodhani tunayo.

Wako watakaosema, "Ajali ni kadari, mwenye siku yake hana pa kukimbilia." Kadari ni nguzo ya imani, wala si pazia la kufichia uzembe. Mtume wetu (S.A.W.) alimwamuru mtu amfunge ngamia wake kisha ndipo ategemee. Siku ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyotoka Mtongwe kuja kisiwani ilipinduka hali imepakia kupita kiasi chake, wala haikuwa imefika mbali na pwani. Watu 272 wakafa. Twawaombea rehema, na twaamini kwamba ajali yao ilikuwa imeandikwa. Lakini aliyeandika ajali ndiye aliyetuamrisha tusijitie katika maangamizo kwa mikono yetu.

Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu waliogawana jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakaona wapate maji kwa kutoboa tundu katika sehemu yao, ili wasiwaudhi wa juu. Wakiachwa, wote huzama. Wakizuiliwa, wote huokoka. Ndugu zangu, mimi siku ile sikutoboa kitu. Nalinyamaza tu, na kunyamaza kwangu kungaliweza kumzamisha mtoto wa yule mama.

Basi tushikeni mambo matatu. Tukiona chombo kimeshiba, tuseme, na tuwe tayari kushuka sisi wenyewe, kwani neno la mtu asiyekubali kushuka halina uzito. Tena, akisema mmoja kweli, wa pili na amuunge mkono. Mzee mmoja ni rahisi kuchekwa, watu kumi si rahisi. Na la tatu, deni na amana tuzilipe tukiwa nchi kavu, na wasia tuuandike tukiwa na afya. Ahadi ya katikati ya mawimbi ni nyepesi kuitoa na nyepesi kuisahau, nami ni shahidi wa hayo.

Ewe Mola wetu, tufikishe majumbani mwetu kwa salama, na siku ya marejeo ya mwisho utupokee hali hatudaiwi haki ya mtu. Amin.