Suali Kutoka Rukuba: Je, Mambo ya Nyumbani Yafaa Kutungiwa Mashairi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Ndugu yetu mmoja, mtu wa Tanga kwa kuzaliwa, ambaye riziki imemchukua hatta kisiwa cha Rukuba katika Ziwa Viktoria, upande wa Musoma, ametuletea waraka. Kazi yake huko ni kununua dagaa wavuliwao usiku kwa taa, akawaanika juani, kisha akawavusha kwenda kuwauza. Asema kwamba alipokuwa pwani alikuwa mtunzi, na watu wakimsikiliza barazani. Walakini tangu afike kisiwani hajatunga hatta ubeti mmoja. “Hapa hapana mnazi,” asema, “wala asumini, wala bahari ya chumvi. Pana harufu ya dagaa, na mchicha wa mke wangu nyuma ya nyumba, na bata, na kelele za watoto. Nitatunga nini?”

Kisha ataja jambo ambalo twadhani ndilo lililomtia kalamu mkononi. Anaye binti wa miaka minane, na binti huyu ana bata wake aliyemlea tangu kifaranga. Siku moja baba alimsikia akimwimbia yule bata: “Bata wangu hana jembe, na kutwa alima tope.” Baba akamkemea, akamwambia anyamaze, aache upuuzi, akahifadhi sura yake. Mtoto akatii. Lakini tangu siku hiyo, baba aingiapo nyumbani, mtoto hunyamaza. Sura huzisoma vyema anapoambiwa asome. Neno lake mwenyewe hana tena mbele ya babake. Basi ndugu yetu auliza: je, nilifanya haki? Na je, mambo haya madogo ya uani yafaa kutungiwa mashairi na mtu mwenye akili zake?

Twajibu, na taufiki ni ya Mwenyezi Mungu. Suali hili ni masuali mawili: la kwanza ni la uhalali, na la pili ni la thamani.

Ama uhalali, jambo lake ni jepesi. Mwisho wa Sura ya Washairi, Mwenyezi Mungu amewalaumu washairi watangao katika kila bonde na kusema wasiyoyatenda. Kisha akawatoa katika lawama hiyo walioamini na kutenda mema. Na Hassan bin Thabit alikuwa akisoma mashairi yake mbele ya Mtume, naye Mtume akimwombea. Basi vina na mizani havina dhambi. Hukumu ni ya yale yaliyomo ndani yake. Na bata asemwaye kwamba alima tope pasi na jembe hakutukanwa wala hakuzuliwa uwongo. Tena sisi tumeuhisabu mstari ule, tukaona ni mizani nane kwa nane, na mtoto hakufundishwa na mtu.

Ama thamani, hapo ndipo penye maneno. Wako watu wasemao: si haramu, lakini ni mchezo, na mtu mzima ana makubwa ya kushughulika nayo. Kwa hawa twawakumbusha khabari ya Abu Umayr, iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Anas bin Malik. Abu Umayr alikuwa ndugu mdogo wa Anas, naye alikuwa na kidege akicheza nacho. Na katika baadhi ya riwaya imekuja kwamba kidege kile kilikufa, na mtoto akawa na huzuni. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwona alimwuliza khabari ya kidege chake, na katika kuuliza jina la mtoto na jina la ndege yakaafikiana kwa kina: Umayr na nughayr. Tazama, ewe msomaji! Yeye aliyebeba ujumbe wa walimwengu alisimama kwa mtoto mmoja na ndege mmoja, na neno lake kwao likatoka na vina.

Na fikira hii ya kudharau mambo madogo si mpya. Palikuwa na watu zamani waliowacheka wanavyuoni wa Hadithi, wakisema kwamba hupokea mambo yasiyo na faida, na mfano wao ulikuwa Hadithi hiyohiyo ya Abu Umayr. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii aliyekufa mwaka 335 wa Hijra, akawajibu kwa kutunga kitabu kizima juu ya Hadithi ile moja, akatoa ndani yake faida 60: za fiqihi, na adabu, na namna ya kukaa na watoto. Waliocheka waliona ndege tu. Naye alipotazama vizuri aliona elimu.

Hapo ndipo ilipo jawabu yetu. Ushairi, kabla haujawa vina, ni kutazama. Na mtu asiyekitazama kilicho karibu naye hawezi kukishukuru, wala hawezi kukitimizia haki yake. Tumepokea khabari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfunga, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Huenda mwanamke yule alipita mbele ya paka wake mara nyingi kila siku. Aliyemtazama kweli angewezaje kumwacha afe njaa? Basi mtoto amwangaliaye bata wake hatta akajua kwamba miguu yake yafanya kazi ya jembe, huyo amekwisha kuanza kusoma somo la amana.

Wala wazee wetu hawakuona haya kwa hilo. Muyaka bin Haji wa Mvita, aliyekufa mwaka 1840, aliutoa ushairi msikitini akautia sokoni na majumbani, na hivyo ndivyo watu wamkumbukavyo. Mwana Kupona binti Msham, alipotunga utendi wake mwaka 1858 naye ni mgonjwa, hakuanza kwa wafalme wala kwa vita, japo mumewe alikuwa mtu wa vita. Alianza kwa kumwita bintiye aje karibu na wino na karatasi. Na yaliyomo humo, baada ya dini na adabu, ni mambo ya nyumba: usafi wake, na mume alalapo, na wageni waingiapo. Utendi ule umepita majumba mengi yaliyojengwa kwa mawe.

Na ndugu yetu asituambie kwamba ziwa halina maneno. Kisiwa cha Ukerewe kimo katika ziwa hilohilo la Rukuba, na huko Aniceti Kitereza, ingawa si wa dini yetu, alimaliza mwaka 1945 kitabu kirefu kwa lugha ya Kikerewe, juu ya Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka. Khabari yake kubwa ni mume na mke waliotamani mtoto, na jamaa walioingia kati yao. Na mengine ni kulima, kuvua, kufuga, kuuguza na kukaribisha wageni. Kitabu kilingoja hatta mwaka 1980 ndipo kikapigwa chapa, kwa Kiswahili alichokigeuza yeye mwenyewe. Hakuwa na asumini wala mnazi. Alikuwa na macho.

Lau mtu atasema: “Mkiwapa watoto ruhusa hii wataacha Kur'ani kwa ajili ya bata,” twamjibu kwamba kila jambo lina wakati wake, na mzazi ana haki ya kusema: sasa ni wakati wa chuo. Kosa la ndugu yetu halikuwa kumpeleka bintiye kwenye sura yake. Kosa lilikuwa kuiita upuuzi neema aliyopewa, na kumfundisha kwamba mbele ya babake ni heri kunyamaza. Mtoto aliyezoea kumficha babake furaha yake ndogo, kesho atamficha huzuni yake kubwa.

Basi twamnasihi ndugu yetu hivi. Asimwandikie bintiye waadhi, wala asimwahidi zawadi. Atakaporudi jioni kutoka kwenye vichanja vya dagaa, akae uani karibu na ule mchicha, amwulize khabari ya bata wake, kisha anyamaze yeye, asikilize. Baadhi ya wanavyuoni wamesema kwamba Abu Umayr ndiye mtoto yule wa Abu Talha aliyefariki angali mdogo. Ikiwa ni hivyo, ndege alikufa na mtoto akafa, na kilichobaki ni kwamba aliulizwa, naye angali yuko wa kuulizwa.

Na ubeti aliouanza binti yake haujatimia. Ni mstari mmoja tu, nao wangoja mwenziwe. Huenda baba mtunzi akapata hapo kazi aliyoikosa tangu afike Rukuba.

Wallahu aalam.