Deni la Aliyefunza Kusoma

Mtu akimfundisha mwenzake kusoma, kisha asimwachie cha kusoma, je, amemtendea wema au amemtia kiu? Swali hili si la walimu peke yao. Ni la kila jamii inayojivunia elimu.

Masasi na Newala zina haki ya kutuuliza. Masasi ilikijua kitabu mapema: mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza kutoka Unguja watu waliokombolewa utumwani, wakakaa hapo, na shule ikafuatana na kanisa. Karne moja baadaye somo liliwafikia wazee. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nchini, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa 67 katika kila 100 mwaka 1967. Kufikia mwaka 1975 walikuwa 39. Mikono iliyozoea jembe ilishika kalamu. Lakini kusoma ni kama panga: lisipotumika hushika kutu.

Wako wasemao kwamba maktaba ni anasa mahali penye shida ya maji. Watu wa Newala waijua shida hiyo kuliko wasemaji. Juu ya uwanda wa Makonde hapana mito. Wanawake waliteremka mabondeni na kupanda na mitungi, hata katika miaka ya 1950 ukaanza mradi wa kuyapandisha maji kwa mabomba. Basi ni nani mwenye akili awezaye kusema kwamba aliyenyweshwa siku moja ametoshwa maisha yake yote? Elimu nayo ni hivyo hivyo.

Taifa lililitambua jambo hili. Bodi ya maktaba iliundwa kwa sheria mwaka 1963, na Maktaba Kuu ikafunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Lakini kutoka Dar es Salaam hata Newala ni mbali, na haki ya mtu haipungui kwa urefu wa njia.

Shule humwuliza mtu umri na cheti. Maktaba humwuliza anataka kujua nini. Simu huleta habari nyingi, lakini haimpi maskini meza, utulivu, wala mkutubi wa kumwelekeza.

Kwa hiyo maktaba si sadaka; ni deni. Aliyewaambia wazee kwamba elimu haina mwisho hana ruhusa ya kuiwekea mwisho kwa kuwanyima vitabu.