Yatima na Mjane Waketi Wapi Siku ya Uhuru?

Someni: Kumbukumbu la Torati 16:9-15, Wagalatia 5:13.

Ndugu wapendwa katika Bwana, kila mwaka tarehe 9 Desemba hufanywa sikukuu ya uhuru wa Tanganyika, nasi kila mwaka twaona makundi mawili katika sharika zetu. Wako wasemao kwamba sikukuu hiyo ni jambo la dunia, wala Mkristo hana fungu ndani yake. Hao hukaa nyumbani. Wako na wengine waendao uwanjani kwa furaha, lakini warudipo jioni mwendo wao wawashuhudia kwamba wamekunywa zaidi ya walivyosikiliza. Makundi yote mawili hayajaitazama Torati vizuri.

Maana Musa alipowapa Waisraeli amri ya sikukuu zao, hakuwakataza kufurahi, aliwaagiza wafurahi. Ila aliwataja na wale watakaofurahi pamoja nao: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kisha akaeleza sababu, ya kuwa wao wenyewe walikuwa watumwa katika nchi ya Misri. Angalieni jambo hili. Kumbukumbu ya utumwa haikuwekwa ili wapate kuwachukia Wamisri, bali ili wamwone mnyonge aliye kati yao. Mtu aliyefunguliwa akimsahau aliye kifungoni, amesahau kwamba naye alifunguliwa.

Neno hili tulilitafakari sana tulipokaa siku ya sikukuu huko Makete, mji mdogo katika milima ya Ukinga, yapata kilomita 100 kutoka Njombe. Injili ilifika milima ile mwishoni mwa karne ya 19, ikiletwa na wamisionari wa Berlin. Ni nchi ya baridi, nchi ya viazi, ngano na pareto. Na uwanda wa Kitulo ulio karibu, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake wakati wa mvua. Mwezi wa Desemba ukungu hushuka asubuhi hata mtu asimwone jirani yake ng'ambo ya barabara.

Sikukuu ya mji kama huo haina ndege angani wala majeshi yapitayo kwa fahari. Watoto wa shule wamevaa sweta, wanapita kwa miguu nyuma ya ngoma, bendera yapandishwa, hotuba zatolewa, wimbo wa taifa waimbwa. Na wimbo huo ni nini, ila ni sala? Asili yake ni wimbo uliotungwa mwaka 1897 na mwalimu Mkristo wa Afrika ya Kusini, Enoch Sontonga, akimwomba Mungu aibariki Afrika. Basi asemaye kwamba Mkristo hana fungu katika siku hiyo na afikiri tena, kwa kuwa siku yenyewe yaanza kwa maombi.

Tena liko jambo moja ambalo mji mdogo unaupita mji mkubwa. Katika mji mkubwa yatima hupotea kati ya maelfu, na mtu aweza kusema, Sikumwona. Katika mji mdogo hakuna awezaye kusema hivyo. Kila mmoja ajua mtoto huyu ni wa nani, na mama yake alizikwa wapi. Kwa hiyo sikukuu ya mji mdogo ni kipimo cha mioyo.

Nasi twajua msiba uliopita katika nchi ile. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Njombe watu wazima zaidi ya 12 katika kila 100 walikuwa na virusi vya ukimwi, hali katika Tanzania nzima hawakuzidi 5. Dawa zimeokoa maisha ya wengi, nasi twamshukuru Mungu. Lakini kabla dawa hazijaenea, makaburi yalikuwa yameongezeka. Ndiyo sababu uwanjani tuliwaona mabibi wakiketi pembeni juu ya majani, na wajukuu wamesimama mbele yao. Bibi wa namna hiyo alikuwa mtoto mdogo uhuru ulipokuja. Akakua, akazaa, akalea, akazika. Naye sasa alea mara ya pili, wakati mikono yake ingestahili kupumzika.

Usiku ule wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge juu ya kilele cha Kilimanjaro. Miaka miwili nyuma, mwezi wa Oktoba 1959, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amenena katika Baraza la Kutunga Sheria habari za nuru hiyo, kwamba iwape tumaini waliokata tamaa, ilete upendo palipo na chuki, na heshima palipo na dharau. Ni maneno mema. Lakini mwenge ulio juu ya mlima hautembei wenyewe mpaka bondeni. Ni lazima awepo mtu wa kuuchukua hadi mlango wa nyumba ya bibi yule. Bwana wetu naye alifundisha kwamba taa huwekwa mahali pake ili iwaangaze wote waliomo nyumbani, wala hakusema iwaangaze walioalikwa tu.

Hata watawala wametuonyesha njia. Mwaka 2015 Rais John Magufuli alisimamisha sherehe za siku hiyo, watu wakashika mafagio na majembe wakasafisha miji yao. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza fedha za sherehe kuu zitumike kujenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Hatusemi haya ili sikukuu zikomeshwe, maana Musa aliagiza furaha. Bali twasema: ikiwa serikali yaweza kuiheshimu siku hiyo kwa fagio na kwa kitanda cha mtoto, je, Kanisa la Kristo libaki nyuma?

Dakta Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, alifundisha kwamba kwa imani Mkristo hatawaliwi na mtu, na kwa upendo yu mtumishi wa wote. Hayo aliyapata kwa Mtume Paulo, ambaye awaonya Wagalatia wasiufanye uhuru kuwa nafasi ya mwili, bali watumikiane. Na mwili hutafuta nafasi upesi. Wakati wa sikukuu hii ndio wakati wa mvua, nao wakati wa mvua ndio wakati wa kugema ulanzi. Mtu anyweaye fedha ya sare ya mwanawe siku ya uhuru amejipatia mtawala mpya, mtawala asiye na bendera, wala hana siku ya kuondoka.

Basi, ninyi walimu na wazee wa sharika, twawasihi mfanye mambo haya. Jumapili iliyo kabla ya sikukuu, wazee na wakutane, wahesabu nyumba za yatima na wajane katika kila mtaa. Majina yasisomwe mbele ya watu, wasije wakaaibika. Bali kila nyumba ipewe ndugu wa kuiangalia. Nehemia aliwaagiza watu wapeleke sehemu kwao wasioandaliwa kitu. Nanyi msipeleke makombo baada ya kushiba. Mtoto huyo na ale pamoja na watoto wenu katika sinia moja, tena aende uwanjani ameshikwa mkono. Aliye mgonjwa asiulizwe alipata wapi ugonjwa wake. Aulizwe kama amepata dawa zake, na nani atakayemsindikiza kuzichukua. Kisha waombeeni wenye mamlaka, kama tulivyoagizwa katika 1 Timotheo 2:1-2, na kuutakia mji wenu amani, kama Yeremia alivyowaandikia waliokuwa uhamishoni.

Wapendwa, tarehe 9 Desemba huangukia siku zote katika majuma ya Majilio, tunapomngojea Mfalme aliyetabiriwa na Zakaria, mnyenyekevu, amepanda punda. Yeye naye alizaliwa katika mji mdogo, na siku ile hapakuwa na nafasi kwa ajili yake. Mwaka huu tumwekee nafasi. Naye ametuambia mahali atakapoketi: ni pale aketipo mdogo kuliko wote.

Amina.