Ufa ni wa Nani?

Methali yetu yasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tumeizoea mno hata hatuulizi ni nani anayeambiwa. Katika nyumba ya mtu binafsi jibu ni jepesi: mwenye nyumba ndiye auonaye ufa, ndiye aupuuzaye, na ndiye atakayegharimia ukuta. Jengo likiwa la umma, mambo hubadilika. Auonaye ufa ni mpita njia. Mwenye mamlaka ya kuuziba yumo ofisini. Na ukuta ukianguka, humwangukia mtu wa tatu.

Ndivyo yalivyotokea Beit al-Ajaib, pale Forodhani, Unguja. Jumba hilo lilijengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883. Lilinusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, baadaye likawa ofisi za serikali, kisha makumbusho. Na mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2012 sehemu ya roshani zake ilianguka. Mwaka 2015, sehemu ya paa. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati uliofadhiliwa na Oman ukiendelea, upande mkubwa wa jumba uliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walifariki.

Baada ya msiba wa namna hiyo swali la kwanza huwa: nani alaumiwe? Ni swali la haki, na jamaa za marehemu wanastahili jibu lake. Lakini lawama si uwajibikaji. Lawama huja baada ya kifusi, na ikishampata wa kubebeshwa, hunyamaza. Uwajibikaji hutakiwa jengo lingali limesimama.

Lugha yetu ina neno linalofaa hapa: amana. Aliyewekewa amana huwajibika kuieleza siku yoyote atakayoulizwa, si siku ilipopotea tu. Na anayemwuliza hamtukani. Kwa jengo la kale, maana yake ni kwamba ripoti ya ukaguzi iandikwe kwa Kiswahili na iwekwe mahali ambapo hata muuza urojo wa Forodhani aweza kuisoma. Ajulikane nani huamua, fedha zimefanya nini, na mafundi walio juu ya jukwaa wanalindwaje.

Wataalamu watajibu kuwa uzito wa mawe ya matumbawe na uimara wa nguzo za chuma si mambo ya kupigiwa kura. Ni kweli. Lakini umma haudai kupiga hesabu hiyo. Unadai kujua kama imepigwa, na nani, na alisema nini.

Nasi tulio mbali, je, tuna haki ya kuuliza? Huku ughaibuni, Muscat hata London, picha ya jumba lile imetundikwa katika sebule nyingi za wasemao Kiswahili, na habari za kuanguka kwake zilitoa machozi ya kweli. Hata hivyo tukiri: paa lile halikuwa juu ya vichwa vyetu. Kumbukumbu haimfanyi mtu mmiliki, wala fedha hazimfanyi. Mfadhili naye, akishatoa fedha za kukarabati, hajamaliza wajibu wake. Ameingia ndani ya amana, na yeye pia ana hesabu ya kutoa. Haki ya kwanza ya kuuliza ni ya wapitao chini ya kuta zile na wafanyao kazi ndani yake. Yetu huifuata hiyo, na hufaa pale tu inapoipa nguvu sauti yao, si inapoifunika.

Wapo wanaoona kuwa jumba la sultani si lao, na historia yao inawapa sababu. Lakini si lazima mtu ampende aliyejenga ndipo adai maelezo kwa anayetunza. Waliofariki siku ile hawakufa kwa ajili ya Barghash. Walikufa katika kazi ya umma wa leo.

Kwa hiyo kuta zikisimama tena, tusiridhike kuuliza kama zinafanana na zile za zamani. Tuulize kama mpita njia atakayeona ufa wa kwanza atajua mlango wa kubisha, na kama atakayemfungulia atalazimika kumjibu.