UPEPO SI UDHURU

Ewe msomaji, hapana neno jepesi ulimini kama kusema, "Ni amri ya Mungu." Neno hili ni kweli, lakini kweli nayo yaweza kuwekwa pasipo mahali pake, ikawa ngao ya mkosa.

Zingatia yaliyotokea Marekani, katika jimbo la California, tarehe 8 Novemba 2018. Juu ya mgongo wa mlima, chini ya safu ya Sierra Nevada, palikuwa na mji uitwao Paradise, maana yake Pepo, wenye watu kiasi cha 26,000. Mvua zilikuwa zimechelewa, na nyasi zimekauka. Asubuhi mapema ukavuma upepo mkali. Kulabu ya chuma iliyolika kwa uzee katika mnara wa umeme ikakatika, na cheche zikashika nyasi. Siku ile ile sehemu kubwa ya mji ikawa majivu. Katika moto huo walikufa watu 85, wengi wao wazee, na majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea, ya mji huo na ya jirani zake.

Je, ni nani wa kuulizwa? Upepo hapana mwanadamu auletaye wala awezaye kuuzuia. Lakini kulabu ile ilikuwa imetundikwa karibu miaka 100, na kuikagua ilikuwa kazi ya wenyewe. Mwaka 2020 kampuni yenye nyaya hizo ilikiri mbele ya hakimu makosa 84 ya kuua pasipo kukusudia.

Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi walilitazama jambo hili kale, kabla ya kuwako umeme. Awashaye moto katika milki yake kwa kadiri ya ada, kisha upepo ukazuka ukaupeleka kwa jirani, hana dhamana. Ama awashaye siku ya upepo mkali, ni juu yake kulipa kilichoungua. Upepo ni ule ule; tofauti ni kwamba huyu wa pili alikuwa na la kumwonya.

Basi kadari ni faraja ya aliyefikwa na msiba, apate kusubiri. Wala si hoja ya aliyeusababisha. Aliyeunguliwa akisema, "Ni amri ya Mungu," hiyo ni imani. Aliyeunguza akisema neno lilo hilo, hiyo ni hila.

Nasi tusiwacheke wa mbali. Ukuta wako ulioinama upande wa njia, na chombo chako kibovu kipakiacho abiria, ndiyo kulabu yako. Itengeneze leo, upepo haujavuma. Wallahu aalam.